Kompyuta ya mezani ya mwaka 2014: ipoze kwanza, ndipo uiongezee nguvu

Mpwa wangu anahariri video za harusi na sendofu huko Tabata. Mwezi uliopita alinipigia usiku. "Shikamoo mjomba. Mashine inajizima nikifika katikati ya kurenda, na kazi ya watu inatakiwa Jumamosi." Kurenda ni pale kompyuta inapounganisha vipande vilivyohaririwa kuwa video moja iliyokamilika. Alikuwa ameshaambiwa atafute mpya. Nikamwambia ailete kwanza niione.

Ni mashine ya kuunganishwa na fundi, kila kifaa kimenunuliwa peke yake: prosesa (ubongo wa mashine) Core i5-4590 iliyotoka 2014, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya aina ya H81, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya TB 1. Naandika tuliyoyafanya kwa mpangilio uleule, kwa sababu mashine za namna hii bado ni nyingi mitaani, na wengi wanakimbilia kununua RAM wakati ugonjwa ni joto.

1. Pima kabla ya kufungua

Weka programu ya HWiNFO, ni ya bure. Angalia namba mbili: joto la prosesa na kasi yake. Prosesa hizi kikomo chake ni nyuzi 100. Zikifika hapo zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na joto likizidi kupanda zinazima mashine. Ya mpwa wangu ilikuwa nyuzi 68 bila kazi yoyote. Alipoanza kurenda ikagusa 100 kabla dakika haijaisha, na kasi ikaporomoka kutoka GHz 3.5 hadi chini ya 2. Huo ndio uzito aliokuwa akiulalamikia mwaka mzima.

2. Vumbi

Chomoa waya, toka nje, tumia brashi laini ya rangi na blowa. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke wakati unapuliza. Ile mashine ya kufyonzea vumbi la zulia usiiingize humo, inazalisha umeme tuli. Vumbi tulilolikuta kati ya feni ya prosesa na mapezi ya aluminiamu lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto, nikalitoa kipande kizima kwa mkono.

3. Pesti na miguu minne ya feni

Hapa nenda polepole. Mimi mwenyewe hatua hii iliwahi kunikesha hadi adhana ya alfajiri.

Pesti ni ile dawa inayokaa kati ya prosesa na bamba la kupozea. Ikikaa miaka kumi inakauka na kupasukapasuka kama udongo wa kiangazi, na joto halipiti tena. Washa mashine dakika tano ipate uvuguvugu, zima, chomoa waya, kisha ndiyo ufungue. Zungusha bamba kidogo kushoto na kulia kabla ya kulivuta. Kwenye Intel za soketi hii (soketi ni tundu la kukalia prosesa, hapa ni 1150) prosesa imebanwa na kifuniko chake, lakini kwenye AMD za soketi ya AM4 ukivuta kwa nguvu prosesa inang'oka pamoja na bamba na pini zinapinda.

Pesti ngumu ikwangue kwa kadi ya plastiki, usitumie kisu. Malizia kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti, mpaka chuma king'ae. Weka pesti mpya katikati, ukubwa wa punje ya choroko, inatosha. Natumia MX-4 kwa sababu haipitishi umeme, hivyo tone likidondoka pembeni haliunguzi kitu. Usiipake kwa kidole.

Sasa miguu. Feni inayokuja na prosesa za Intel za wakati ule inashikwa na miguu minne ya plastiki. Mshale ulio juu ya kila mguu unaonyesha upande wa kufungulia. Watu wengi wanadhani ni wa kufungia. Kabla ya kurudisha, zungusha kila mguu kinyume na mshale mpaka ugome, vuta juu kile cheusi, weka bamba mahali pake, ndipo ubonyeze kwa mkingamo: wa kushoto juu, halafu wa kulia chini, kisha miwili iliyobaki. Kila mmoja lazima ulie "tak".

Mlio peke yake usiuamini. Miaka kadhaa iliyopita nilisikia milio minne, nikafunga kasha, mashine ikapanda nyuzi 100 kama mwanzo. Nikabadilisha pesti mara tatu. Nikashuku RAM, nikaazima pawa saplai ya jirani. Alfajiri nililitoa bamba tena, safari hii nikatazama chini yake: kona moja pesti ilikuwa nene vilevile nilivyoiweka, kona ya pili imebanwa hadi chuma kinaonekana. Mguu mmoja haukuwa umefunga, bamba limekaa upande. Tangu siku hiyo natoa mazabodi yote nje ya kasha, naigeuza, natazama mgongoni kwa tochi ya simu. Mguu uliofunga utauona: kijiti cheusi kimepenya katikati ya plastiki nyeupe na kuitanua. Usipokiona, anza upya.

Miguu ya zamani ikishavunjika masikio, usiifunge kwa nyaya. Tafuta feni ya mnara (bamba refu la kupozea lililosimama, lenye feni ubavuni) yenye bamba la nyuma na skrubu. Matundu ya soketi 1150 ni yaleyale ya 1155, 1151 na 1200, kwa hiyo iliyoandikwa 115x inaingia. Pima upana wa kasha kwanza, minara mingine inakaribia milimita 160. Mifumo ya maji siishauri kwa mashine ya umri huu. Pampu ni kitu kimoja zaidi cha kufa, na prosesa ya wati 84 haihitaji.

4. Njia ya hewa

Feni ya mbele iingize, ya nyuma itoe. Feni hutolea hewa upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota. Funga ubavu wa kasha. Kuuacha wazi na kuielekezea feni ya chumbani ni kukaribisha vumbi lote la Tabata.

5. SSD

SSD ni diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Hii ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote. H81 ina SATA (matundu ya waya wa diski) za kasi mbili: chomeka kwenye iliyoandikwa 6G, ukichomeka kwenye 3G unapoteza karibu nusu ya kasi. Sakinisha Windows upya, usinakili ya zamani na uchafu wake. Diski ya zamani ya kuzunguka ibaki ya kuhifadhia.

6. RAM

H81 mwisho wake ni GB 16, nafasi mbili tu, kwa hiyo nunua GB 8 mbili za aina ya DDR3. Kariakoo utaonyeshwa za bei ya chini sana: uliza kama ni za seva au za AMD pekee. Zote mbili hazitawaka kwenye mazabodi hii. Jaribu palepale dukani.

7. Kadi ya picha

Simu nyingi sasa zinarekodi kwa H.265, namna ya kubana video, na sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa hii haiifungui yenyewe kikamilifu, kazi yote inaangukia prosesa. GTX 1050 Ti isiyo na tundu la waya wa umeme inatosha: inakula wati 75 kutoka kwenye mazabodi, pawa saplai ya zamani haiguswi.

Kadi bado anaichangia. Hatua sita za kwanza tulizimaliza Ijumaa saa nne usiku, akarenda harusi nzima ubavu ukiwa umefungwa. Joto la juu kabisa lilikuwa nyuzi 71.