Namna ya Kuandaa Ibada na Huduma za Kwaresima katika Usharika wa Nyanda za Juu Kusini

Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zilizoko Iringa, Njombe na Mbeya, Kwaresima huangukia msimu wa mvua, wakati mahindi yangali shambani, akiba ya nyumbani imepungua na njia za vijijini zina utelezi. Baraza la wazee linalosubiri Jumatano ya Majivu ndipo lianze kuuliza ni nani wa kusaidiwa, na kwa kitu gani, huwa limekwisha kuchelewa. Maandalizi yaanze kwenye sikukuu ya mavuno ya mwaka uliotangulia.

Mahindi mengi huvunwa kati ya Juni na Agosti, na washarika huleta sadaka ya mazao kanisani, ambayo kwa kawaida hupigwa mnada baada ya ibada ili fedha ziingie katika mfuko wa usharika. Mnada ni jambo jema. Hata hivyo, baraza liazimie mapema, na azimio liandikwe katika muhtasari wa kikao, kwamba sehemu ya mahindi na maharage haitauzwa bali itatunzwa kwa ajili ya diakonia, yaani huduma ya kuwasaidia wenye mahitaji. Nafaka hiyo ikaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13, ifungwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asiishambulie, kisha ipangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Stoo iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mzee wa kanisa na mwingine kwa mjumbe wa kamati ya diakonia.

Ratiba ya ibada ifuate kalenda ya kanisa na ya shamba kwa pamoja. Pasaka huweza kuwa siku yoyote ya Jumapili kati ya Machi 22 na Aprili 25, na siku 40 za Kwaresima huhesabiwa bila Jumapili zake. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni Februari 10 na Pasaka ni Machi 28, yaani mapema, kabla kazi za palizi na mbolea ya kukuzia hazijaisha katika maeneo mengi. Kwa hiyo ibada za katikati ya juma zifanyike katika kila mtaa, yaani tawi la usharika, badala ya kuwaita watu wote kanisa kuu la usharika, zianze jioni watu wakishatoka shambani, na zimalizike kabla ya giza. Masomo ya mateso ya Bwana yagawanywe katika majuma yote, na kwaya zipewe mapema nyimbo zinazolingana nayo. Altare ivikwe zambarau.

Orodha ya wenye mahitaji itoke kwenye jumuiya, yaani vikundi vya washarika majirani, kwa kuwa huko ndiko anakojulikana bibi anayelea wajukuu peke yake na mgonjwa ambaye hajafika ibadani kwa muda mrefu. Asiachwe jirani kwa sababu ni Mmoraviani, Mkatoliki au Mwislamu. Diakonia haidai cheti cha ubatizo. Majina yasisomwe kwenye matangazo, wala mtu asipigwe picha akipokea unga, kwa maana heshima yake ni sehemu ya huduma yenyewe.

Kabla ya kupeleka chochote, wajumbe wawili wamtembelee mhusika, wasali naye na kumwuliza anachohitaji. Mara nyingi, na hapa ndipo kamati nyingi zinapokosea, mzee asiye na nguvu huhitaji kupaliliwa shamba kuliko kupewa debe la mahindi, maana debe litaisha baada ya muda mfupi, ilhali shamba lililomezwa na magugu litamwacha na njaa mwaka mzima unaofuata. Vijana na wanafunzi wa kipaimara wapangiwe Jumamosi za kupalilia, kuchanja kuni na kuziba paa linalovuja, wakiwa na mtu mzima wa kuwaongoza na chakula chao wenyewe ili wasimlemee mwenyeji. Alhamisi Kuu, wasioweza kutembea wapelekewe Meza ya Bwana nyumbani. Mwinjilisti ampe mchungaji orodha yao juma moja kabla.

Stoo isimalizwe Ijumaa Kuu. Kati ya Pasaka na mavuno mapya bado kuna majuma mengi ya upungufu, hivyo kamati ihesabu magunia yaliyobaki, iwasilishe taarifa barazani na ipange mgawo wa Aprili na Mei kwa kaya ambazo hazijapata unafuu.