Gitaa la solo bila ampu: ninavyorekodi chumbani, Moshi

Ninaishi Majengo, chumba kimoja chini ya bati. Jirani wa kulia anachomelea mageti, wa kushoto anafuga kuku, na masika ikishuka kutoka mlimani hakuna maiki inayosikia kitu zaidi ya bati. Enzi zile nikiweka maiki mbele ya spika ya ampu (kikuza sauti), nilirekodi majogoo wengi kuliko magitaa.

Siku hizi gitaa linaingia kwenye kompyuta kwa waya, na ampu ni programu. Mvua inyeshe, jogoo awike, waya haujali. Wazo lenyewe si geni: Roland walitoa VG-8, kifaa cha kuiga magitaa na ampu, mwaka 1995, na mwaka 1998 Line 6 wakatoa POD, ile nyekundu yenye umbo la harage. Kilichobadilika ni kwamba kazi ile sasa inafanywa na laptopu ya mtumba, na programu nyingine ni za bure.

Shida ni kwamba miongozo mingi imeandikwa na wapigaji wa roki wanaotaka gitaa lingurume. Sisi wa dansi, sebene na kwaya tunataka kinyume chake: sauti safi, kila uzi usikike peke yake. Distoshoni, yaani ule mngurumo wa roki, humeza makosa mengi. Sauti safi huyaanika yote. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hatua za mwanzo, ambazo wengi huziruka, na zile za mapambo nitazipita mbio.

Hatua ya 1: Mlango wa kuingilia

Pikapu ya gitaa (siyo ile ya kubebea ndizi, ni kile kidude chini ya nyuzi kinachonasa mtetemo wake) inatoa mkondo dhaifu sana. Ukichomeka gitaa kwenye tundu la maiki la laptopu, sauti inatoka imefubaa, kana kwamba gitaa limefunikwa blanketi. Tundu lile linaikaba pikapu, na cha kwanza kupotea ni zile sauti nyembamba za juu, yaani hasa zile ambazo mpiga solo anazitegemea.

Unahitaji intafesi ya sauti: kisanduku cha USB chenye tundu lililoandikwa INST au Hi-Z. Tundu hilo lina ukinzani wa takriban megaomu 1, sawa na mlango wa ampu ya kweli. Focusrite Scarlett Solo inatosha kabisa. Behringer UM2 ni rahisi zaidi kwa bei, inaishia 48 kHz (vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde), na kwa gitaa moja hutakosa kitu. Usiuze mbuzi ununue yenye matundu manane wakati unarekodi mtu mmoja mmoja. Kama kanisani kwenu kuna miksa yenye USB, nayo inafaa, ila weka DI boksi (kisanduku kinacholinganisha gitaa na tundu la maiki) kati ya gitaa na miksa kama miksa yenyewe haina kitufe cha Hi-Z.

Mwenye iPhone anaweza kuanza na GarageBand, ni ya bure na ina ampu zake ndani. Bado utahitaji kifaa cha kuunganisha gitaa na simu.

Hatua ya 2: Kabla ya kuwasha programu, sikiliza kimya

Vaa hedifoni, fungua volyumu ya gitaa hadi mwisho, usiguse uzi. Unasikia nini?

Kama ni mngurumo mzito usiokatika, huo ni umeme wa nyumba. Wetu ni wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), na pikapu ya koili moja huudaka pamoja na 100 Hz, mara mbili yake. Hiyo 100 Hz iko karibu kabisa na noti ya G unayoipata freti ya tatu kwenye uzi mnene. Ndiyo maana wimbo wa G unaweza kuusikiliza ukaona mambo ni shwari, ukihamia A flati mngurumo unakukera. Kaa kwenye stuli, zungusha mwili taratibu na gitaa lako kama mtu anayetafuta mtandao. Kuna pembe ambapo mngurumo unashuka ghafla. Weka alama ya chaki sakafuni. Yangu iko hapo mpaka leo, inaelekea dirishani.

Kama ni mlio mkali wa kuwasha masikio, chomoa chaja ya laptopu. Ukitoweka, umempata mchawi: rekodi kwa betri. Usije ukakata mguu wa ethi kwenye plagi kwa ajili ya kuondoa mlio. Huo mguu ndio unaokulinda wewe, na gitaa lina nyuzi za chuma mikononi mwako.

Kama ni "krrr" inayokuja na kuondoka, kwangu mimi huyo ni jirani na mashine yake ya kuchomelea. Dawa nimeikosa. Ninarekodi akienda kula.

Hatua ya 3: Programu ya kurekodia

Mimi natumia REAPER. Faili lake la kusakinisha halifiki MB 50, na kwa anayeishi kwa bando hilo si jambo dogo, maana kuna programu zinazotaka GB kadhaa kabla hujasikia noti moja. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, na laptopu yangu kuukuu inaibeba bila kuhema.

Audacity ni nzuri kwa kukata mahubiri na kusafisha sauti. Kwa kazi hii haifai, kwa sababu haikuruhusu kusikia ampu wakati unapiga. Efekti zake unazisikia ukishacheza kile ulichorekodi. Mpiga gitaa asiyesikia sauti yake halisi anapiga kama mtu anayeimba ameziba masikio.

Ukishasakinisha, ingia kwenye mipangilio ya REAPER uwashe kuhifadhi kwa yenyewe kila dakika 5. Umeme ukikatika laptopu itabaki na betri, na intafesi ya USB inakula humo humo. Betri ya mtumba lakini unaijua.

Hatua ya 4: Ua ucheleweshaji

Ukigusa uzi, sauti inaingia kwenye intafesi, inapita kwenye kompyuta, inavalishwa ampu, inarudi hedifoni. Safari hiyo inachukua muda. Ukizidi, mkono wa kulia unaanza kujisubiri wenyewe, na sebene inakufa hapo hapo.

Kwenye Windows, sakinisha draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti haraka) ya kampuni iliyotengeneza intafesi yako. Kama haina, tumia ASIO4ALL, ni ya bure. Kisha kwenye mipangilio ya draiva tafuta kitu kinachoitwa buffer size, yaani vipimo vingapi vya sauti kompyuta inakusanya kabla ya kuvishughulikia. Anza na 128 kwenye 48 kHz. Hesabu yake ni rahisi: 128 gawanya kwa 48,000 ni milisekunde 2.7 kuingia, na nyingine kama hizo kutoka, ukiongeza kidogo za intafesi yenyewe.

Ili ujue hizo namba zina maana gani mkononi: sauti hewani husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde 1. Milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, jambo ambalo umelifanya jukwaani mara mia bila kulalamika. Milisekunde 30 ni mita kumi, yaani ampu iko madhabahuni nawe uko karibu na mlango.

Ukisikia sauti inakwaruza na kukatika, kompyuta imezidiwa: panda 256. Na tafadhali, spika au hedifoni ya Bluetooth weka kando kabisa. Hiyo peke yake huongeza milisekunde zaidi ya 100.

Hatua ya 5: Kiwango cha kuingilia

Piga nyuzi zote sita kwa nguvu uliyo nayo siku ya sherehe, siyo kwa nguvu ya mazoezi. Geuza kitasa cha gein (nguvu ya sauti inayoingia) mpaka mita ya REAPER iguse kama -12 dB pale unapopiga kwa nguvu zaidi; 0 ndiyo mwisho wa mita. Ikipita -6, rudisha nyuma. Taa nyekundu isiwake hata mara moja.

Wengi hufikiri kujaza mita ndiyo kurekodi vizuri. Plagini ya ampu (programu ndogo inayokaa ndani ya REAPER) inafanya kama ampu: ukiisukuma sana mlangoni, inachafuka. Jamaa mmoja alinijia analalamika kwamba kila ampu safi anayoipakua inakwaruza. Alikuwa amepakua zaidi ya thelathini. Nilimshushia gein robo mzunguko, ya kwanza kabisa kwenye orodha yake ikawa safi.

Hatua ya 6: Ampu moja na kabati moja

Kuna njia mbili. Plagini kama AmpliTube na Guitar Rig zinaiga sakiti ya ampu, kwa hiyo ukigeuza kitasa cha treble kinatenda kama cha kweli. Zote mbili zina toleo la bure lenye ampu chache. Neural Amp Modeler, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, inakwenda njia nyingine: ampu halisi imerekodiwa, kompyuta ikajifunza tabia yake, ukapata faili dogo. Ni kama picha ya pasipoti. Ampu imepigwa ikiwa imetulia na vitasa vyake mahali fulani, na ndivyo itakavyobaki. Ukitaka sura nyingine, tafuta faili lingine. Tovuti ya TONE3000 ina maelfu ya hayo.

Mimi nimekaa na Neural Amp Modeler. Kwa sauti safi, mguso wa piki unasikika vizuri zaidi. Inaielemea kompyuta, hivyo laptopu ikishindwa tafuta faili za aina nyepesi, zile zinazoandikwa lite, feather au nano.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hukata tamaa. Kichwa cha ampu bila kabati ya spika hutoa sauti ya nyuki ndani ya debe. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kuzimisha sauti za juu kuanzia karibu 5 kHz, na masikio yetu yamezoea hivyo. Kwa hiyo baada ya ampu unaweka IR, faili la WAV lenye tabia ya kabati na maiki iliyokuwa mbele yake. Neural Amp Modeler ina nafasi ya kuliweka ndani yake. Lakini kama faili la ampu limeandikwa full rig, kabati imo tayari. Ukiongeza ya pili, sauti inarudi kwenye lile blanketi la hatua ya kwanza.

Kwa solo letu tafuta Roland JC-120 au Fender Twin Reverb iliyorekodiwa ikiwa safi. Chagua moja. Piga nayo wiki nzima kabla hujagusa nyingine.

Hatua ya 7: Rekodi mbichi, sikia iliyopikwa

Kwenye REAPER weka plagini kwenye FX (orodha ya efekti) ya traki, washa kitufe cha kurekodi na cha kusikiliza. Utasikia ampu, lakini kinachoandikwa kwenye diski ni gitaa kavu lilivyotoka kwenye waya. Acha hivyo hivyo.

Nilijifunza kwa aibu. Kwaya moja ilimleta mpiga solo wao kutoka Machame, akapiga vizuri ajabu, nami nikarekodi sauti pamoja na korasi (efekti inayoyumbisha sauti) na dilei (inayoirudia kama mwangwi) kwa sababu ilinipendeza siku ile. Wiki iliyofuata mwalimu wa kwaya akasema gitaa linaelea, linaficha sauti ya kwanza, lipunguzwe mapambo. Mapambo yalishaokwa pamoja na mkate. Kijana akapanda Hiace tena, nauli nikalipa mimi, na mara ya pili hakupiga kama ya kwanza.

Hatua ya 8: Viungo

Kompresa (inayokandamiza sauti zinazozidi) kabla ya ampu, 3:1, atak (muda inaosubiri kabla ya kukandamiza) milisekunde 20 ili mguso wa piki upite kwanza, ikandamize dB 3 au 4 tu. ReaComp iliyomo inatosha.

Ekwalaiza (ya kupunguza au kuongeza sauti za chini na za juu) baada ya kabati: kata chini ya 120 Hz. Huko ni kwa mpiga besi, mwachie. Kama waimbaji wanafunikwa, punguza kidogo kati ya 2 na 4 kHz.

Dilei ya milisekunde 100, rudio moja, uisikie ukiizima tu. Riverbu (mwangwi wa ukumbi) kidogo, kwa sababu kanisa wanalopigia lina ya kwake.

Korasi ndiyo ya kuogopa. Kwenye JC-120 ya mwaka 1975 spika moja ilitoa sauti kavu na nyingine ile inayoyumba, na sikio lenyewe ndilo lililozichanganya. Ukiiweka kwenye traki ya mono (njia moja ya sauti, siyo mbili kama stereo), na wimbo ukasikilizwa kwenye spika moja ya simu, utapata gitaa lililolegea nyuzi. Iweke stereo, kisha bonyeza kitufe cha mono kwenye masta (traki kuu ya wimbo wote) usikie kinachobaki. Kisichopendeza hapo, kipunguze.

Hatua ya 9: Kutuma

Toa WAV ya biti 24, 48 kHz, kwa ajili ya anayechanganya, na traki kavu pembeni yake. Kwa WhatsApp tengeneza MP3, na uitume kama dokyumenti. Ukiucheza wimbo kwenye spika na kumrekodia mtu kwa ujumbe wa sauti, atakujibu kwamba gitaa halina besi.