Python uliyosakinisha inaitika? Namna ya kuhakikisha

Kisakinishi kikisema kimemaliza, maana yake kimenakili mafaili, basi. Bado hujajua kama kompyuta inaiona Python, wala kama inayoitika ni uliyoiweka leo au nyingine iliyokuwemo tangu zamani. Hilo la pili ndilo linalowasumbua watu wengi.

Funga terminali (dirisha la kuandikia amri) iliyokuwa wazi wakati wa kusakinisha, ufungue nyingine. Terminali huchukua orodha ya folda za PATH, yaani folda ambamo kompyuta hutafuta programu, pale inapofunguliwa tu, kwa hiyo ile ya zamani itakuambia kuwa Python haipo hata kama ipo. Kwenye Windows andika:

`py --version`

Kwenye Mac au Linux:

`python3 --version`

Unatarajia mstari mmoja tu, kwa mfano `Python 3.12.4`, nao ulingane na toleo ulilopakua. Usiisome namba hiyo kama desimali: 3.9 ni ya zamani kuliko 3.12. Ikitokea 2.7, hiyo ni ya kale, na msaada wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020.

Kwenye Windows, `py` ikijibu lakini `python` ikakufungulia Microsoft Store, Python yako ni nzima. Windows ina njia yake ya mkato yenye jina hilohilo. Fungua Settings, tafuta "App execution aliases", uzime python.exe na python3.exe. Ukiambiwa amri "is not recognized", folda ya Python haimo kwenye PATH. Endesha tena kisakinishi, chagua Modify, songa mbele hadi Advanced Options, kisha weka tiki kwenye kisanduku cha kuongeza Python kwenye "environment variables".

Sasa uliza ni ipi inayoitika. Kwenye Windows ni `where.exe python`, usiache hiyo `.exe`, kwa sababu ndani ya PowerShell (terminali ya Windows) neno `where` peke yake ni amri nyingine na halitakuonyesha kitu. Kwenye Mac na Linux ni `which -a python3`. Zikitokea njia mbili au tatu, ya juu kabisa ndiyo inayoitika ukiandika jina hilo.

Baada ya hapo ipe kazi. Hifadhi mistari hii kwenye faili liitwalo jaribio.py (usiliite ssl.py wala sqlite3.py, utaitafutia Python ugonjwa isiokuwa nao):

```
import sys, ssl, sqlite3
print(sys.executable)
print(ssl.OPENSSL_VERSION)
print(7 / 2)
```

Ingia kwenye folda ya faili hilo, uliendeshe kwa `py jaribio.py` au `python3 jaribio.py`. Mstari wa kwanza ni mahali Python ilipo, wa mwisho lazima uwe 3.5, Python 2 ingekupa 3. Ikilalamika `No module named '_ssl'`, mara nyingi ni Python iliyojengwa kutoka msimbo chanzo bila mafaili ya kujengea ya OpenSSL (maktaba ya mawasiliano salama ya mtandao). Yaweke, kisha ijenge upya, maana bila ssl, pip (chombo cha Python cha kusakinisha vifurushi, yaani programu za ziada) haitaweza kuvipakua.

Pip yenyewe ikague hivi:

`python3 -m pip --version`

Kwenye Windows weka `py` badala ya `python3`. Tazama mabano mwishoni mwa jibu: `(python 3.12)` lazima ifanane na toleo lako, la sivyo vifurushi vitaingia kwenye Python nyingine nawe ubaki unaambiwa havipo. Pip ikikosekana, jaribu `python3 -m ensurepip --upgrade`. Kwa Python inayokuja na Debian au Ubuntu, tumia `sudo apt install python3-pip python3-venv`.

Huko kwenye Debian na Ubuntu za karibuni, `pip install` inaweza kukurudishia `externally-managed-environment`. Usisakinishe upya chochote. Mfumo unalinda Python yake tu. Tengeneza mazingira yako, yaani folda ya Python ya mradi wako peke yake, kwa `python3 -m venv mradi`, yawashe kwa `source mradi/bin/activate`, na pip itakubali.