Ukipanda treni ya Chennai, weka noti ya rupia kumi karibu

Kila anayepita dukani kwangu Kariakoo kuniaga kwamba anapeleka mgonjwa India, tukishamaliza habari za viza na unga wa kubeba, humweleza na habari za hijra. Mimi sikuelezwa na mtu.

Kwanza jina. Hii siyo ile ya Mtume kuhama Makka. Hawa ni watu ambao wengi wao walizaliwa wanaume, wengine huntha, wakachagua kuishi kike, kwa sari na bangili. Hukaa pamoja chini ya mkubwa wao, guru. Walio chini yake huitwa chela. Chela humpelekea guru sehemu ya kipato, naye huwasuluhisha wakigombana. Ukiwa Chennai au Vellore, miji ya kusini mwa India, neno la heshima ni thirunangai.

Ndani ya treni, wakipita kuomba pesa, utawasikia kabla hujawaona. Kofi lao si la kushangilia: viganja bapa, vidole vimetawanyika, paa! Siku ile tunakwenda Katpadi, stesheni ya kushukia Vellore, nilijifanya nimelala, mtandio usoni. Nikaguswa bega. Kaka yangu, mgonjwa mwenyewe, akatoa noti ya kumi kwa mkono wa kulia, akasema "akka", yaani dada. Yule akamwekea kiganja kichwani, akanong'ona kitu, akamrudishia sarafu ya rupia moja. Mama aliyekaa mbele yetu akatuashiria tuitie pochini: haitumiwi, inavuta riziki. Ninayo kwenye droo ya mauzo mpaka leo (kaka aliniachia, nadhani kwa kunicheka).

Basi fanya kama yeye. Simu usiinue kupiga picha. Huna kitu? Unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa, yaishe. Usimfokee, wenyeji wenyewe wanaogopa laana yao. Penye harusi au mtoto mchanga wao huja kuimba, kucheza na kubariki, wakatunzwa kama tunavyotunza mwimbaji wa taarabu. Ila akitafuta chumba cha kupanga, mbariki huyohuyo anaambiwa kimeshapata mtu. Waingereza waliagiza waandikishwe kwa sheria ya 1871, ileile iliyoyaita makabila mazima kuwa ya wahalifu. Mahakama ya Juu ya India ilikuja kuwatambua kama jinsia ya tatu 2014, na wenye nyumba bado hawajasikia.

Uwanja wa ndege ukibadilisha dola utapewa noti za mia tano tupu. Nunua chai stesheni, upate chenji.