Mti vamizi wa maua ya njano: utambue kabla ya kushika panga

Senna spectabilis ni mti wa Amerika ya kitropiki, ulioletwa kwetu kwa kivuli na uzuri wake. Kwenye milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, ulipandwa miaka ya 1960 kama pambo, ukaingia msituni wanakoishi sokwe. Wengi huuita mjohoro tu, na makosa huanzia hapo.

Hatua ya 1: Maua yakuite, yasikuamulie. Mashada yake hukaa kwenye ncha za matawi, juu ya majani. Yakining'inia chini kama shanga, huenda ni Cassia fistula ya bustanini.

Hatua ya 2: Chuma jani zima, tangu linapoungana na tawi. Hesabu jozi za vijani vyake. Mara nyingi ni kati ya 6 na 15. Tazama ncha: ya mti huu imechongoka, ya mjohoro wenyewe, Senna siamea, ni butu. Kisha pitisha kidole kwenye uti wa jani, katikati ya jozi. Mbaraka, mti wetu wa asili wenye maua ya njano pia, una kinundu kidogo kati ya kila jozi. Mti vamizi hauna. Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikata mbaraka kadhaa kwa sababu hakuna aliyepitisha kidole, na hadi leo naumia nikipita pale.

Hatua ya 3: Tafuta ganda la mbegu, hata kama ni la msimu uliopita, chini ya mti. Huu ndio ushahidi ninaouamini kuliko wote. Ganda la mjohoro ni bapa. La mti huu ni la mviringo, nene kama kidole chembamba, refu hadi sentimita 30, jeusi likikauka, lenye pingili mwili mzima. Livunje: kila mbegu imelala kwenye chumba chake. Ganda moja nililowahi kulimimina kiganjani lilitoa zaidi ya mbegu 50.

Hatua ya 4: Angalia chini. Miche imesongamana? Kuna kisiki cha zamani kilichotoa machipukizi mengi? Mti huu ukikatwa tu, hurudi na matawi zaidi. Kwa hiyo piga picha ya jani na ganda, andika mahali, ng'oa miche inayong'oka kwa mkono, na mti mkubwa uuache hadi mpango wa kuumaliza pamoja na kisiki chake uwe tayari.