Jinsi ya kuanzisha daftari lako la picha: siasa, sanaa na unayoyaona kila siku

Watu wananiuliza sana naanzaje, maana wanaona nachanganya picha za mikutano ya siasa na za wachoraji na wacheza ngoma, af chini naandika mistari mitano sita ya nilichokuwa nawaza siku hiyo. Nimefanya hivi miaka kadhaa sasa, nikaona bora niandike yote sehemu moja, mtu akitaka kuanza kesho asubuhi aanze. Kamera kubwa huhitaji, simu uliyonayo inatosha kabisa. Cha muhimu ni daftari na kalamu, au hata sehemu ya kuandikia kwenye simu hiyohiyo, na tabia ya kuandika usiku uleule kabla hujalala. Hapo kwenye kuandika ndo nitakaa sana maana ndo watu wengi wanapokwepa.

Anza na ukuta, usianze na mkutano. Ukuta haukimbii, haukuulizi umetumwa na nani, na siasa ya nchi nzima iko pale: nyuso za wagombea, rangi za vyama, tangazo la tamasha limebandikwa juu ya uso wa mbunge, mtu kaandika matusi kwa mkaa mwingine kaja kuyafuta. Chagua ukuta mmoja unaoupita kila siku, upige mara moja kwa wiki, simama palepale kila mara. Mimi wangu nasimama bega la kushoto limegusa nguzo ya umeme, hivyo fremu haihami hata nikikaa mwezi sijaenda.

Huo ukuta nimeufuata tangu kampeni zilizopita. Mchoraji mmoja alipewa kazi ya kuchora uso wa mgombea, akaanza na macho, yaani macho tu alikaa nayo karibu siku nzima, koti na nywele akamaliza kwa saa moja. Uchaguzi ulipoisha akaitwa yeye yuleyule apake rangi nyeupe juu. Akapaka mkono mmoja, yaani alipitisha rangi mara moja tu. Mvua zilipokuja ile nyeupe ikaanza kuliwa, macho yakarudi, sasa hivi ukipita unakuta ukuta mweupe una macho mawili yanakutazama na pembeni yake kuna tangazo la onyesho la maigizo. Nilimuuliza akaniambia alijua kabisa macho yatatoka, rangi nyeusi aliiweka nzito, ila nyeupe aliyopewa ilikuwa ya mkono mmoja tu na hela ilikuwa ya mkono mmoja. Ningepiga picha moja nisingekuwa na kitu, lakini ninazo kumi na moja kwa mpangilio na tarehe zake, na hapo siasa na sanaa zimekaa kwenye ukuta mmoja bila mimi kuzilazimisha.

Ukishazoea ukuta nenda kwenye mkutano wa hadhara. Hapa ushauri wangu ni mmoja, geuza mgongo jukwaani. Mgombea anapigwa picha na watu mia na zote zinafanana, mkono juu, maiki mdomoni, basi. Mwaka 1937 mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alitumwa London kwenye kutawazwa kwa mfalme George wa Sita, akapiga watu waliokuja kutazama, waliopanda juu ya sanamu, waliobebana mabegani, mfalme mwenyewe hakumpiga kabisa, na picha zile mpaka leo watu wanazitazama. Kwahiyo wewe tafuta mtu mmoja kwenye umati ambaye anasikiliza kweli, kaa naye dakika kumi. Mtazame mikono. Nilikaa hivyo karibu na mama mmoja mtu mzima, alikuwa kashika fulana mpya aliyogawiwa, bado imekunjwa kwenye nailoni yake, kila ikitajwa ahadi anaibana kidogo, ilipotajwa habari ya maji akaiweka chini kabisa akapiga makofi. Ile picha ya mikono imenifundisha siasa ya maji kuliko hotuba yote. Kabla sijaipiga nilimuinamia kidogo nikamwambia, mama shikamoo, naomba nikupige mikono tu, sura haitoki, akaniambia marahaba mwanangu piga. Usiruke hatua hiyo.

Sasa habari ya umati, hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo sehemu inayogombanisha watu. Ukisimama mbali ukavuta karibu, watu wanaonekana wamebanana hata kama kati yao gari linapita. Ukipanda juu ukapiga pana, mapengo yote yanaonekana. Uwanja ni uleule na saa ni ileile. Mimi niliwahi kuposti picha ya kuvuta nikaandika uwanja umefurika, jamaa aliyekuwepo akanijibu kwamba nyuma kulikuwa kutupu mpaka watoto wanacheza mpira, na alikuwa sahihi. Sikukusudia kudanganya, ila nilidanganya, na iliniuma. Tangu siku hiyo kila umati napiga mbili, ya kuvuta na ya pana kutoka juu kadiri ninavyoweza, na nikiposti naposti zote mbili.

Na kama unataka kusema idadi, usibuni. Kuna njia ya Herbert Jacobs, alikuwa mwandishi wa habari halafu akafundisha chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, miaka ya 1960 alikuwa anatazama maandamano ya wanafunzi kutoka dirishani, akaona sakafu ya uwanja imegawanyika miraba, akahesabu watu wa mraba mmoja akazidisha. Ndo hivyo tu. Umati uliolegea, mtu na mwenzie wameachana urefu wa mkono, mtu mmoja anakula karibu mita moja ya mraba. Waliobanana kiasi, karibu 0.4 ya mita ya mraba. Kwahiyo eneo la mita 50 kwa 40, ambalo ni mita za mraba 2,000, likiwa limelegea lina watu 2,000 na kidogo, likibanana lina kama 5,000. Akija mtu anakwambia walikuwa laki kwenye eneo hilo unajua hapo hapana. Pima eneo kwa hatua zako kabla watu hawajajaa, mimi hatua kubwa moja nahesabu mita moja, andika kwenye daftari.

Kwenye sanaa mambo ya kiufundi ni magumu zaidi kwasababu ya taa. Mcheza ngoma anaruka, ukiweka shata (ule muda kamera inaacha mwanga uingie) polepole miguu inakuwa moshi, basi peleka 1/500 ya sekunde kama mwanga unaruhusu, kwa mtu anayeongea jukwaani hata 1/250 inatosha kushika mkono. Shida ni zile taa za LED za steji, ukiweka shata ya haraka unapata mistari mistari kwenye picha maana taa zinawaka na kuzima haraka kuliko macho yanavyoona. Mara nyingi dawa ni kushusha shata mpaka 1/50 au 1/100 kama umeme wenu ni wa hezi 50 (yaani unapiga mara 50 kwa sekunde), na kama ni hezi 60 basi 1/60 au 1/120. Ukishusha hivyo subiri kile kipande kidogo cha sekunde mchezaji amefika juu kabisa kabla hajaanza kushuka, pale huwa ametulia hata kama ngoma inaenda mbio, sikiliza mpigo utajua inakuja lini. Mwisho wa siku masikio yanasaidia kuliko kidole.

Na sura. Jamani sura za watu weusi. Kamera inapima mwanga kama vile kila kitu duniani ni kijivu cha kati, kwahiyo mtu mweusi kavaa shati jeupe au kasimama mbele ya dirisha, kamera inaona weupe mwingi inashusha mwanga, sura inakuwa kivuli. Gusa usoni kwenye kioo cha simu, af telezesha kidole juu kidogo mpaka uone ngozi ina rangi zake, kahawia, wekundu kidogo, mng'ao wa paji la uso. Shati likiungua, yaani likitoka jeupe tupu, acha liungue. Hili jambo lina historia yake, miaka mingi maabara za kusafishia filamu zilikuwa zinapima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, mashine ikitoa ngozi yake vizuri basi imepita, mpaka miaka ya 1990 ndo kadi za watu wa rangi mbalimbali zikaanza kutoka. Kwahiyo ukikuta picha za zamani za wazee wetu sura hazionekani, sio kwamba wapigaji walikuwa hawajui kazi. Na hapohapo, usiongeze weusi makusudi. Mwaka 1994 jarida la Time la Marekani lilitoa picha ya polisi ya O.J. Simpson, mchezaji maarufu mweusi aliyeshtakiwa kwa mauaji, imetiwa giza, wiki hiyohiyo jarida la Newsweek likatoa picha ileile bila kuguswa hivyo, watu wakaziona meza moja na kelele ikawa kubwa. Mgombea usiyempenda mpe mwanga sawasawa na unayempenda. Mimi nina sheria, nikirekebisha mwanga wa picha moja ya siku hiyo narekebisha zote kwa kipimo kilekile.

Haya, usiku umefika, umekaa, ndo kazi yenyewe. Kila picha unayoitunza iandikie vitu vinne: tarehe na saa, mahali, nani au nini, na kilichotokea dakika moja kabla na dakika moja baada. Hicho cha mwisho ndo siri yangu. Picha inakata kipande kidogo sana cha muda na mtu yeyote anaweza kukibandika maana yoyote, polisi ameinua mkono, je anapiga au anampungia mtu? Dakika ya kabla ndo inajibu, na baada ya siku tatu utakuwa umeisahau, nakuhakikishia.

Mpiga picha Malick Sidibé wa Bamako, wengi mnamjua kwa picha za vijana wanacheza usiku miaka ile Mali imetoka kupata uhuru 1960, alikuwa akitoka kwenye dansi anasafisha filamu, anachapa vipicha vidogo, anavibandika kwenye majalada ya karatasi ngumu na kuandika jina la sherehe na tarehe, vijana wanakuja kuchagua za kununua. Ilikuwa biashara tu. Lakini leo kwasababu kuna tarehe na majina, zile dansi zinasomeka kama historia ya taifa, unaona vijana wa nchi mpya wamevaaje, wamesimamaje, wanajionaje. Alipewa tuzo ya upigaji picha ya Hasselblad 2003 na tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice 2007. Kwahiyo usidharau picha ya dansi eti sio siasa.

Baada ya hapo ndo unaandika mawazo yako, na hapa tenganisha mambo matatu usiyachanganye kwenye sentensi moja: nilichoona, nilichosikia, ninachofikiri. Mfano, mtu anaandika "wananchi wamemkataa mgombea". Hiyo haina kitu, haiwezi kukaguliwa. Andika: "Saa kumi na robo, wakati anaongelea ajira, kundi la vijana kama kumi na tano upande wa spika ya kushoto waliinuka wakaondoka. Mmoja aliniambia wanawahi basi. Mimi nadhani hotuba ilikuwa imewachosha, maana basi lilikuwa bado." Msomaji anaweza kukubaliana na wewe au akakataa, ila vyote vipo mezani. Usiogope kuwa na msimamo, mimi ninao na kila anayenisoma anaujua, ila ukiuweka mahali pake hata asiyekupenda atakuamini kwenye ulichokiona.

Usalama kwa haraka. Zima kutunza mahali kwenye kamera ukiwa unapiga watu ambao wanaweza kupata shida kwa kuonekana pale. Ukituma picha kwa WhatsApp kawaida zile taarifa zilizofichwa ndani ya picha, kama mahali ilipopigwa, zinaondoka, ukituma kama dokumenti zinabaki, kumbuka hilo. Kuficha uso tumia mraba wa rangi nzito kabisa, ile kalamu ya simu inayopitisha mwanga mtu anaweza kuongeza mwanga akaona. Ndani ya chumba cha kura nchi nyingi haziruhusu picha, ulizia kabla. Watoto, muulize mzazi. Msanii muulize kama anaruhusu kazi yake ipostiwe nzima, wachoraji wengine wanakula kwa ule mchoro.

Kutunza, weka nakala tatu, moja kwenye simu, moja kwenye diski, moja kwa mtu mwingine au kwenye mtandao, nyumba ikiingia maji usipoteze vyote. Folda iite kwa mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-03-14-ukuta, zitajipanga zenyewe.

Na uchape. Hata mbili kwa mwezi, karatasi ya kawaida ya picha, nyuma andika kwa kalamu yale mambo manne, umpelekee uliyempiga. Yule mchoraji nilimpelekea zile kumi na moja, akazipanga chini kwenye saruji kwa mpangilio, akachuchumaa akazitazama kimya, af akachukua ya saba, ile macho ndo yanaanza kutoka, akaomba aikate ibaki macho tu. Nikamwambia kata. Kaibandika kwenye boksi lake la brashi upande wa ndani wa kifuniko, na ameniambia kampeni zikianza nisimame kwenye nguzo yangu mapema, ameshaongea na watu.