Trei ya chili, jibini na chipsi za mahindi kwa watu 20

Kila anayenipigia simu akiwa jikoni na trei hii huwa na swali moja: mbona chipsi zimelowa? Basi nitapita haraka kwenye mambo ya kukaanga vitunguu, ambayo unayajua, nikae pale panapoharibika.

Chakula chenyewe ni cha Texas, Marekani, na majirani zake. Chili hapa ni mchuzi mzito wa nyama na viungo, si pilipili tupu. Chipsi za mahindi ziitwazo Fritos zilianza kuuzwa San Antonio mwaka 1932, na chili ikatangazwa kuwa mlo rasmi wa jimbo la Texas mwaka 1977. Wenyewe watakwambia chili ya kweli haina maharagwe. Mimi naweka. Unapolisha watu 20, maharagwe yanashibisha na yanapunguza gharama ya nyama. Anayetaka ubishi aje na sufuria yake.

Vitu vya kuandaa (trei 2 za sentimita 33 kwa 23, zenye kina cha kutosha)

Nyama ya ng'ombe ya kusaga kilo 2, vitunguu maji vikubwa 4, kitunguu saumu punje 8, nyanya za kopo gramu 800, nyanya ya kopo iliyo nzito (tomato paste) gramu 150, maharagwe mekundu yaliyoiva na kuchujwa kilo 1, chipsi nene za mahindi gramu 800, jibini ya cheddar gramu 900.

Viungo: bizari nyembamba ya unga vijiko 4 vya chakula, paprika vijiko 4, oregano kijiko 1 na nusu, na pilipili kali ya unga kijiko 1 cha chai. Hapo kwenye pilipili kuwa makini. Mapishi mengi ya Kimarekani huandika vijiko vingi vya unga wa chili, lakini ule wao ni mchanganyiko ambao tayari una bizari, oregano na vitunguu saumu. Ukipima pilipili tupu kwa kipimo hicho, wageni watakunywa maji tu.

1. Maharagwe

Ya kopo yanatosha kabisa. Ukitumia makavu, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto yaive. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayotapisha, na sufuria ya umeme inayopika polepole haifiki joto la kuiondoa.

2. Nyama na viungo

Kaanga nyama kwa mafungu hadi ipate rangi ya kahawia. Ukiimimina yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Punguza mafuta, weka vitunguu, saumu, kisha viungo vikavu vikaangike kidogo, halafu nyanya zote. Acha dakika 40, mfuniko wazi, kisha ongeza maharagwe.

3. Uzito wa chili, yaani kazi yote

Chipsi ni mahindi yaliyokaangwa hadi maji yakaisha. Zikikutana na mchuzi zinayanywa maji yale upya, na hakuna oveni itakayozirudishia ukavu. Kwa hiyo maji uyamalize kwenye sufuria, si kwenye trei.

Kipimo changu: buruta mwiko katikati ya sufuria hadi chini. Njia ikibaki wazi sekunde kadhaa, chili iko tayari. Ikifunga mara moja, endelea kupika. Ikiwa wageni wako mlangoni, koroga vijiko 3 vya unga laini wa mahindi kwenye maji kidogo, mimina, upike dakika 10 zaidi ili ladha ya unga mbichi iishe. Unga wa ngano pia huongeza uzito, ila mimi siupendi humu. Unaifanya chili iwe na utelezi. Koroga mara kwa mara, maana chili nzito hushika chini upesi.

Chumvi onja mwishoni, na uweke pungufu ya unavyotaka. Chipsi na jibini zinakuja na chumvi yao.

Jambo la pili ni aina ya chipsi. Zile nyembamba za pembetatu hazifai kulala chini. Tumia nene zilizojikunja. Jibini inunue kipande, uikwaruze mwenyewe. Ile ya pakiti iliyokwaruzwa hupakwa wanga ili isigandane, na wanga huo huizuia kuyeyuka vizuri.

Kupanga: chipsi theluthi mbili chini, juu yake nusu ya jibini, ndipo chili. Jibini ikiyeyuka inakuwa tandiko kati ya mchuzi na chipsi. Malizia na jibini iliyobaki. Chipsi za mwisho usiziweke bado.

Usipange mapema. Chili inaweza kupikwa jana, na huwa tamu zaidi, lakini trei inapangwa dakika chache kabla ya oveni. Kama unapeleka kwa watu, beba chili ya moto peke yake, chipsi kwenye mfuko wake, upange hukohuko. Usifunike trei ya moto kwa foili: mvuke hurudi chini kama mvua.

4. Oveni

Nyuzi 180 za Selsiasi, chili ikiwa ya moto, dakika 20. Nyunyiza chipsi zilizobaki, rudisha dakika 5. Trei ya kioo iliyotoka kwenye friji usiitie kwenye oveni ya moto, inaweza kupasuka.

Vitunguu vya majani na krimu chachu viweke pembeni, kila mtu ajipakulie.

5. Chili iliyobaki

Isikae mezani zaidi ya saa 2. Igawe kwenye vyombo vifupi kabla ya friji, kwani sufuria kubwa hukaa na uvuguvugu muda mrefu katikati. Kesho yake ipashe hadi itokote, uimwagie juu ya chipsi mpya kwenye sahani. Trei iliyokwisha kupangwa, imalizeni siku hiyohiyo.